Bi. Kimya wa Ofisi ya Mizigo

Maisaka, Babati
12 Februari 1984

Mpendwa Fabiola,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Siku ile lori lilipokuja kukuchukua, sikuwa nimekwenda kuteka maji kama mama alivyowaambia. Nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi, nimepiga magoti, naomba lori lipate pancha. Sikuomba ajali. Niliomba pancha tu, kabla hamjafika mbali, ili Shangazi Philomena apate muda wa kufikiri upya.

Kwa nini alikuchagua wewe? Tumezaliwa mwaka mmoja, baba zetu ni ndugu wa tumbo moja, na darasa la saba nilikutangulia kwa alama nne. Nakumbuka alivyotusimamisha uani. Alisema anataka mmoja wetu akasome Arusha, lakini hakuuliza hata swali moja la hesabu. Alisema, "Hebu nione mikono." Tukanyoosha. Akaishika yako, akaigeuzageuza, akasema, "Huyu." Tangu siku hiyo naitazama mikono yangu na sijui ina kosa gani.

Mimi nimeanza kidato cha kwanza hapa hapa, sekondari ya wazazi. Darasa moja bado halina paa, kwa hiyo mvua ikinyesha kidato cha pili wanahamia kwetu, tunakaa wanne wanne kwenye dawati. Vitabu vya historia viko vitano kwa shule nzima. Wewe bila shaka unasoma penye maabara na umeme. Usinifiche. Niambie kila kitu, hata kama kitaniuma.

Nimekwisha kukiri. Ukitaka usinijibu.

Ndugu yako,
Domitila


Arusha
9 Machi 1984

Domi wangu,

Basi ujue una nguvu kuliko katekista. Lori lilipata pancha mbili! Ya kwanza Minjingu, ya pili karibu na Makuyuni, na tairi la akiba lilikuwa limekwisha kutumika. Tulikaa kando ya barabara mpaka saa kumi, Shangazi amekalia gunia la maharage, uso umejaa vumbi kama mtu aliyesaga unga. Akasema, "Huko kwa kaka zangu kuna mtu kaniroga." Kama ningejua ningemwambia, "Ni Domitila, Shangazi, tena alipiga magoti." Siku nyingine ukipiga magoti omba sukari, tafadhali. Hata huku foleni ni ndefu.

Nyumba ni nzuri, ina madirisha ya vioo. Baba Rosa, mume wa Shangazi, ana televisheni. Antena ameifunga juu kabisa ya mkaratusi, na picha zinatoka Nairobi. Upepo ukivuma zinajaa chenga, na mtu hutumwa nje kuutikisa mti. Alhamisi majirani wote wanakuja na viti vyao.

Kuhusu shule usiniulize mengi, ni habari ndefu. Wewe niambie ninyi mmeanza na nini. Andika vizuri, na mifano, ili tuone kama tuko sawa.

Msalimie mama yangu ukienda Sigino. Mwambie sijambo, nanenepa.

Wako,
Fabiola


Maisaka
2 Aprili 1984

Fabiola,

Barua yako ilikuwa na doa la mafuta pembeni. Mama aliinusa akasema, "Hawa wanakaanga." Sisi tangu Krismasi tunapika kwa maziwa mtindi na chumvi. Niliikata ile pembe yenye doa, nikaitupa, kisha nikaiokota tena.

Unataka kujua tumefika wapi? Unanipima, siyo? Haya. Hesabu tumeanza milinganyo. Nakuandikia mitano hapa chini na majibu yake, ili uone kwamba na sisi wa Babati tuna akili. Historia ni Wabantu na Wakushi, na mwalimu alipouliza nani hapa ni Mkushi, Wairaqw wote tulinyoosha mikono kama tumeitiwa chakula.

Televisheni siijui, sijawahi kuiona. Sitaki kuisikia. Niandikie juu yake.

Domitila


Arusha
25 Mei 1984

Domi,

Asante kwa milinganyo. Wa nne umekosea alama, jaribu tena.

Sasa nikupe kitu. Kila Alhamisi kuna kichekesho kipya cha Kiswahili, kinaitwa Mizigo Isiyo na Wenyewe. Ni ofisi iliyoko kwenye stesheni ya reli, wanakoweka vitu ambavyo abiria wamevisahau ndani ya treni. Mkuu wa ofisi ni Bwana Tindi, sauti yake kama debe linaloburutwa kwenye changarawe. Ana karani, Bwana Kesi, ambaye kila akitaka kusema uongo anakohoa kwanza. Na tarishi anayetembea na viatu vinavyolia kwi, kwi, hata kabla hajaingia unajua ni yeye.

Lakini atakayekuua ni Bi. Kimya, mpiga chapa. Hasemi kabisa. Hajasema neno hata moja tangu kichekesho kianze. Ana kitambaa cha kijani kichwani, amekifunga mpaka kwenye nyusi, na ameketi kwenye kiti ambacho mguu mmoja ni mfupi, kwa hiyo akikasirika anayumba kidogo tu, hivi. Jana kulikuwa na abiria aliyekuja kudai jogoo wake. Bwana Tindi akaanza kumtajia Bi. Kimya barua ndefu ya kuomba radhi aipige chapa: "Kwa heshima na taadhima, uongozi unasikitika..." Anazungumza, anazunguka, anafuta jasho. Bi. Kimya anapiga chapa. Bwana Tindi akamaliza, akanyoosha mkono apewe barua asaini. Bi. Kimya akaichomoa karatasi. Imeandikwa maneno mawili: "Jogoo ameliwa." Kisha akatoa unyoya mmoja kwenye mtoto wa meza, akaubandika hapo chini kama stempu.

Sebule nzima watu walicheka mpaka Baba Rosa akapiga meza.

Niandikie milinganyo mingine. Na ile historia, Wabantu na Wakushi walitoka wapi?

Fabiola


Maisaka
6 Juni 1984

Fabiola,

Nimesoma habari za unyoya mara saba. Mara ya saba nilicheka kwenye misa, mama akanifinya.

Nikuambie ukweli? Silali vizuri. Mtu mmoja ameketi kwenye kochi Arusha, watu wanachekeshwa mbele ya macho yake, na mtu mwingine anapata maneno tu, yamekunjwa mara nne. Hata kicheko changu ni mtumba. Lakini usiache kuandika. Ukiacha nitajua umejaa kiburi.

Bi. Kimya anafanana na mimi, ila yeye akinyamaza watu wanamwona.

Domitila


Arusha
16 Juni 1984

Domi,

Wamekiondoa. Alhamisi mtangazaji amesema ndiyo sehemu ya sita na ya mwisho. Baba Rosa amesema wakubwa wa huko hawakupenda ofisi kuchekwa, jirani amesema ni kwamba watu hawakukielewa. Mimi sijui. Mimi nilikielewa.

Ngoja nikumalizie, nisije nikasahau. Mwishoni kulikuwa na sanduku dogo ambalo limekaa pale rafuni miaka kumi na moja, halina jina. Bwana Tindi akaamuru livunjwe. Bi. Kimya akasimama. Mara ya kwanza tunamwona amesimama! Akalichukua, akatoa ufunguo shingoni mwake, akalifungua. Ni lake. Kumbe siku ile ya kwanza alikuja kama abiria tu, kudai sanduku alilosahau kwenye treni. Bwana Tindi alikuwa anangoja mpiga chapa mpya, akamwona mlangoni akasema, "Umechelewa, keti pale." Akaketi. Miaka kumi na moja.

Akalifunga sanduku, akalirudisha rafuni, akaketi tena, kiti kikayumba. Basi. Watu walicheka sana, lakini mimi sikucheka.

Fabiola


Maisaka
14 Oktoba 1985

(Barua hii sitaituma. Naiweka ndani ya kitabu cha Jiografia.)

Fabiola,

Juzi Jumamosi ilikuwa Siku ya Wazazi. Mwezi uliopita Mwalimu Anselimu, anayetufundisha Kiswahili, alisema kila kidato kilete mchezo wa kuigiza uliotungwa na wanafunzi wenyewe. Kidato chetu hakuna aliyejitokeza. Nikaenda nyumbani, nikatoa barua zako zote chini ya godoro, nikaandika usiku na mchana siku tatu. Jogoo, unyoya, kikohozi, viatu, sanduku. Nikauita Ofisi ya Mizigo. Mwalimu akasoma amesimama, akakaa, akasoma tena. Akauliza, "Nani ametunga hii?"

Nikasema, "Mimi."

Lilitoka jepesi tu, kama kusema nipo wakati wa kuitwa majina.

Paskali, yule mwenye mdomo mpana anayeketi nyuma yangu, alikuwa Bwana Tindi. Bi. Kimya nilicheza mwenyewe. Unanijua, mimi nikiulizwa jina mbele ya watu ulimi unakauka. Lakini pale sikutakiwa kusema! Nilifunga kitambaa cha kijani cha mama mpaka kwenye nyusi, nikakata mguu mmoja wa kiti. Nilipoubandika unyoya, wazazi walisimama. Mkuu wa shule alinipa kamusi mpya, nene kama tofali. Mchezo wenyewe umebandikwa kwenye ubao wa matangazo, na juu umeandikwa: Umetungwa na Domitila Alois. Sasa nikipita sokoni wanawake wanasema, "Shikamoo, Bi. Kimya," halafu wanacheka kwa upendo. Hakuna aliyewahi kuniita kwa upendo kabla ya hapo.

Ningesema nimeletewa na wewe, wangeuliza wewe ni nani. Wangesema, "Ah, yule wa Arusha." Ungekuwa ni wewe tena uliyechaguliwa. Mara moja tu nilitaka mkono ushikwe wangu.

Najiambia kwamba sijakuibia wewe. Nimeiba televisheni ya Nairobi, na televisheni haina uso. Kile kichekesho kimekufa. Babati hakuna atakayekiona.


Maisaka
14 Oktoba 1985

Mpendwa Fabiola,

Hatujambo wote. Mvua bado. Sabuni imefika dukani, tulipanga foleni tangu alfajiri, wakagawa kipande nusu kwa kaya. Siku ya Wazazi ilipita salama, kulikuwa na nyimbo na mchezo mmoja. Hakuna jipya.

Mama yako hajambo. Anawaambia watu wa jumuiya kwamba wewe utakuwa mwalimu.

Domitila


Arusha
20 Novemba 1985

Domi,

Barua yako fupi kama mlo wa Kwaresima. Mchezo gani? Nani alicheza, nani alianguka, nani alisahau maneno? Nisimulie. Napenda sana michezo.

Tena umeacha kuniandikia masomo. Kidato cha pili mmefika wapi? Mara ya mwisho uliniacha kwenye pembetatu. Nimesimama hapo hapo kama ng'ombe kwenye daraja.

Fabiola


Maisaka
20 Julai 1986

(Hii pia sitaituma.)

Fabiola,

Wiki iliyopita kulikuwa na tangazo mlangoni mwa ghala la Mzee Hatibu, mfanyabiashara wa pale karibu na stendi. Mkwewe amemletea jenereta, televisheni na deki ya video kutoka ng'ambo ya Namanga. Chini ya hapo, kwa chaki: "JUMAMOSI SAA TISA ALASIRI. MIZIGO ISIYO NA WENYEWE. Kichekesho kilichofungiwa, sasa kimetolewa kwenye kanda, sehemu zote sita."

Paskali alilisoma kwa sauti, kisha akanigeukia. "Ofisi ya stesheni? Mizigo? Bi. Kimya, mbona hawa wa Nairobi wamekuibia?" Wote wakacheka. Yeye alikuwa anatania, lakini niliona akili yake inaanza kufanya hesabu. Mwalimu Anselimu akasema, "Twende darasa zima. Tukaone kama wanaufikia mchezo wetu."

Siku nne sikula. Niliomba mvua, niliomba jenereta liungue. Unajua maombi yangu. Safari hii hayakusikilizwa.

Ghala lilizibwa mablanketi madirishani. Nilikaa mbele kabisa ili nisione nyuso za watu nyuma yangu. Kelele za jenereta, chenga, kisha wakatokea. Bwana Tindi yupo, na sauti ile ile ya debe. Kikohozi kipo. Viatu vinalia kwi, kwi. Nikafumba macho nikingoja jogoo.

Jogoo alikuja. Bwana Tindi akaanza, "Kwa heshima na taadhima, uongozi unasikitika," akazunguka, akakanyaga kamba ya jogoo, akaanguka ndani ya kapu. Miguu juu. Muda mrefu hakuna anayesema, ni miguu tu inapiga hewa. Basi, ndiyo mzaha wenyewe. Nikatafuta mpiga chapa. Hakuna. Hakuna meza yake, hakuna kiti. Sehemu ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Katika ya sita sanduku lilikuwepo, likavunjwa, likatoka vumbi, Bwana Tindi akapiga chafya mpaka kanda ikaisha.

Paskali akapaza sauti, "Mzee, Bi. Kimya yuko wapi? Turudishie chetu!"

Mzee Hatibu akajibu, "Kijana, mimi nimetangaza kanda. Sikutangaza Bi. Kimya."

Ghala zima likacheka kuliko lilivyocheka kwa ile kanda. Mwalimu Anselimu akaniinamia, akasema polepole, "Stesheni na kapu anavyo kila mtu. Domitila, wewe umewazidi."

Nimepona, Fabiola. Hakuna atakayesema kitu tena. Kwa muda wa kutembea kutoka ghalani mpaka barabarani nilifurahi. Kisha nikasimama pale katikati ya vumbi la basi, nikaelewa. Kama hayumo kwenye kanda, ametoka wapi? Ametoka kwako. Mimi nilidhani nakuonea wivu kwa sababu una kochi na umeme. Kumbe ungeweza kukaa gizani na bado ungekuwa na kipaji hicho, na mimi hata wakinipa nchi nzima ya televisheni sitakuwa nacho.


Maisaka
21 Julai 1986

Fabiola,

Kanda ya kile kichekesho imefika hapa na nimeiona yote. Bi. Kimya hayumo. Hakuna unyoya. Hakuna ufunguo shingoni. Ulinidanganya barua baada ya barua. Ulikuwa unanicheka? Mshamba wa Babati atameza lolote?

Nijibu ukweli, au usinijibu kabisa.

Domitila Alois


Arusha
17 Agosti 1986

Domi,

Hayumo?

Nimekaa wiki mbili na barua yako. Siku ya kwanza nilifikiri umeangalia kanda mbovu, labda wamemkata. Nilimlilia kama mtu niliyemzika. Naapa sikujua. Miaka miwili nimedhani nimemkisia vizuri.

Haya, ukweli. Sijawahi kukaa kwenye lile kochi. Ile siku ya pancha ya pili, Shangazi alinieleza akiwa juu ya gunia la maharage. Shule ingengoja kidogo, kwanza nimsaidie na Rosa ambaye alikuwa anatambaa, na jikoni, na kufua. Nikamwuliza kwa nini mimi. Akasema, "Mikono yako imezoea sufuria. Ya yule mwingine imezoea kalamu, ingenisumbua." Hivyo mikono yako haikuwa na kosa, Domi. Mikono yako ndiyo iliyokuokoa. Rosa sasa anakimbia, na shule bado inangoja.

Alhamisi wageni wakija mimi niko jikoni, nakaanga. Ndiyo doa lile. Mlango wa sebule unaachwa wazi kidogo, basi nasikia. Sauti za watu wote nazijua. Lakini kulikuwa na wakati hakuna anayesema lolote kwenye televisheni, na sebule nzima inakufa kwa kicheko. Nikajiuliza, wanamcheka nani? Nikaona lazima kuna mtu pale asiyesema. Nikaanza kumtafuta huku naosha masufuria. Nikampa kitambaa. Nikampa kiti, mguu mmoja mfupi kama kigoda changu cha hapa. Sikuwa nakudanganya. Nilikuwa nafikiri namwona.

Nawe ukaniandikia kwamba kicheko chako ni mtumba. Nilitaka kukuambia tubadilishane. Unajua nilivyokuonea wivu? Kila barua yako inakuja na mwandiko ulionyooka kuliko wa kabla, na maneno ambayo sina. Wangu umebaki wa darasa la saba. Masomo yako nimeyanakili kwenye mifuko ya saruji, nimeishona katikati kwa uzi, ni daftari langu. Ulipoacha kuandika, shule yangu ilifungwa.

Mama asijue, nakuomba. Anajivunia sana pale Sigino, na hana kingine.

Bi. Kimya nimeamua kumwacha. Kama hayupo, hayupo.

Fabiola


Maisaka, Babati
11 Septemba 1986

Fabiola,

Ndani ya bahasha hii kuna barua mbili ambazo hukuzipata, ya Oktoba na ya Julai. Zisome kwanza, kisha urudi hapa. Ukimaliza na hutaki kurudi, nitaelewa.

Bi. Kimya yupo. Wazazi mia mbili walimwona. Alikuwa amevaa kitambaa cha mama.

Sitakuambia kwamba nimekuwa mwema. Niliposoma habari za jikoni nilikulilia, ni kweli, lakini chini ya kilio kulikuwa na sauti ndogo inasema, basi kumbe hakuna aliyekutangulia. Iliniaibisha hiyo sauti. Na nilipofika kwenye maneno "nikaanza kumtafuta huku naosha masufuria," wivu ulinirudia wote. Mimi nina kalamu na dawati na sijawahi kumwona mtu asiyekuwepo. Bado nakuonea wivu. Nadhani nitakuonea siku zote. Lakini nimejua kwamba unaweza kumwonea mtu wivu na bado ukamrudishia chake.

Nakueleza nilichofanya.

Jumatatu asubuhi, kabla ya gwaride, nilimfuata Mwalimu Anselimu chini ya bendera. Nikamwambia mchezo si wangu. Akasema, "Wa kanda? Tumeiona kanda, Domitila." Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Ni wa mtu." Akasema, "Basi ulisimama mbele ya watu kuuchukua. Utasimama mbele ya watu kuurudisha."

Nikapanda kwenye jiwe la viranja. Shule nzima ilikuwa imepanga mistari. Paskali akasema kwa sauti, "Leo mnapigiwa chapa!" wakacheka, wakingoja nifanye kichekesho. Ulimi ukakauka kama kawaida. Nikaitazama mikono yangu. Kisha nikasema: "Ofisi ya Mizigo haikutungwa na mimi. Bi. Kimya ametungwa na ndugu yangu Fabiola Marseli, wa Sigino. Nilisema uongo nikapewa kamusi." Sauti ilitoka ndogo, walio nyuma wakauliza, "Kasemaje?" ikabidi niseme yote tena.

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa shule akauliza, "Huyo Fabiola anasoma wapi?"

Nilikumbuka ulivyoniomba. Nikanyamaza. Akauliza tena, nikanyamaza, nikapewa adhabu ya kukata nyasi wiki nzima, nusu kwa uongo na nusu kwa kiburi. Ninakata. Paskali haniiti tena Bi. Kimya, ananiita Bwana Kesi, na kila nikipita anakohoa.

Kwenye ubao wa matangazo nilifuta jina langu kwa wembe, nikaandika lako kwa wino, herufi kubwa.

Jumanne na usiku wake nilinakili pembetatu, kuanzia pale nilipokuacha, na historia yote ya kidato cha pili. Nimejaza daftari mbili. Kidato cha tatu naanza Jumapili hii, nitakuwa natuma kila wiki mbili. Ule mlinganyo wa nne nimeurekebisha, ulikuwa sahihi wewe.

Kwa mama yako sijasema neno. Siku ukitaka ajue, andika "ndiyo" peke yake kwenye karatasi. Sitahitaji zaidi. Nitatembea mpaka Sigino siku hiyo hiyo.

Jana asubuhi nilikwenda stendi. Nilimpa kondakta wa basi la Arusha mzigo, kamusi na daftari mbili, nimeufunga kwa kitambaa cha kijani na kuandika jina lako juu yake, ili usije ukakaa kwenye rafu ya mtu. Barua hii naipeleka posta. Basi lilipoondoka nilisimama mpaka vumbi lake likatulia. Safari hii sikuomba pancha.

Domitila